Siku Nilipomzuia Mwende Mlangoni

Mjukuu wangu Nekesa,

Natumaini baridi ya huko imepungua. Hapa Mowlem tu wazima, na nyanya yako goti limepoa, amerudi kwaya.

Umeandika kwamba rafiki yako hakusemeshi tangu umzuie kufanya jambo la hatari, ukaniuliza kama nimewahi kuchukiwa kwa kumzuia mtu. Ndiyo. Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa maabara katika idara ya kemia ya chuo kikuu, nikitunza mashine ya NMR. Ni sumaku kubwa inayopozwa kwa heliamu, na watafiti walituletea sampuli tuzipime, wajue zimeundwa vipi.

Mchana mmoja sumaku ilinguruma, wingu jeupe likajaa chumbani. Heliamu ilikuwa inatoroka, nayo hufukuza hewa ya kupumua. Mtu huanguka kabla hajajua. Nilimvuta nje mwanafunzi aliyeitwa Mwende, nikafunga mlango na kuuegemea.

"Nimeangusha sampuli yangu," alisema. "Nimehangaika nayo mwaka mzima."

"Huingii."

"Ni hapo tu, Bwana Wafula. Nitabana pumzi."

"Huingii, Mwende."

Alinisukuma, akanipiga kifuani, akalia. Nilijua alivyoihangaikia kazi ile. Sikusogea mpaka hewa ikawa safi. Tulipoingia, tulikuta kichupa chake kimevunjika sakafuni.

Ilimbidi aanze upya. Kwa miezi mingi alinipita kwenye ujia bila salamu. Iliniuma, lakini kila alipopita nilifurahi kumwona akitembea.

Msalimie huyo rafiki yako, hata asipoitika.

Babu yako,
Wafula