Deo Anashuka kwa Kila Mzee

Jumapili, nimetoka misa

Na bado anashuka. Deo, mdogo wangu, wiki hii anatembea kwa baiskeli kwenye vilima vya Ufaransa na wenzake wa kazini, katika njia ndogo ambazo saa nzima gari haipiti. Leo amenipigia kulalamika kwamba wenzake wamechoka kumngojea. Kila akikutana na mzee anashuka kumsalimia, kisha kilima hakipandiki tena, anaisukuma baiskeli mpaka juu.

Baba alitufundisha hivyo kule Bukavu: mzee hasalimiwi ukiwa umekaa juu ya kiti.

Jana bibi mmoja alidhani tairi imetoboka. Akamletea pompi ya upepo na maji, wakaongea mpaka wenzake wakarudi kumtafuta.

"Hata wewe, dada, si ungeshuka?" Deo akaniuliza.

Nikamjibu ningeshuka. Nimedanganya, na nimetoka kanisani sasa hivi.

Hapa ugenini Albert Park, mwaka wa sita huu, kila asubuhi niko kwenye lifti moja na mzee anayekaa ghorofa ya juu yetu. Mimi nainamia simu. Eish, hata sawubona, salamu ya huku, sijawahi kumwambia. Jina lake silijui.

Na mimi hata baiskeli ya kushuka sina.