Fidla ya Veronika kwenye kamba ya nguo

Karatu, Jumanne

Mimi huyu fundi anayemfundisha Vero kuchonga fidla bado simwamini. Fidla ya kwanza ya binti yangu, kaichonga mwenyewe mpaka shingo, halafu anaambiwa aitundike nje iote jua, eti mbao ipate rangi kabla ya vanishi! Nje, kwenye kamba ya nguo, kila mpita njia anaiona.

Nimekaa chini yake na fimbo tangu asubuhi. Jirani yangu Mama Paulo akacheka: "Mama Vero, wenzako wanachunga mbuzi, wewe fidla?"

"Wewe mwanao kachonga nini? Mwiko?"

Jioni fundi akaja, akaigonga kwa kidole, akasikiliza. "Imekubali, mama. Naenda nayo nikaifunge nyuzi."

Aende nayo! Kesho tuambiwe kaichonga yeye?

"Nyuzi utazifungia hapa, baba, mbele yangu."

Vero akainamisha uso kwa aibu. Fundi akacheka tu, akasema atazileta kesho. Kucheka kule sikukupenda.

Nimeilaza kitandani kwangu, upande wa ukutani. Baba Vero nimemwambia alale kwenye kochi. Amenuna, lakini yeye nani atamwiba?