Pia Kubwa Uliyompa Ochieng

Baba yangu uliyelala Kisian,

Juzi kwenye mazishi yako walikusifu mpaka nikachoka kuitikia. Ati mzee wa haki. Ati mwalimu aliyeoa wake wawili, na hakuna siku sufuria ilirushwa bomani kwake. Nilikuwa nimekaa na mama, mke wako mdogo, tukisema amina kama wengine. Moyoni nilikuwa nasema, ngojeni niwaambie habari ya ile pia ya kuzungusha.

Nilikuwa darasa la sita, mfumo mpya wa elimu wa enzi hizo ukiwa bado mgeni, na shule ilitaka kila mtoto alete jaribio la sayansi. Aliyefanya vizuri angepelekwa kwenye maonyesho mjini Kisumu. Mimi nilitaka kujua kama pia yenye kisahani kipana huzunguka muda mrefu kuliko yenye kisahani kidogo. Ulifurahi, baba! Ulikuwa unafundisha sayansi shule hiyo hiyo, na siku ile ulinifundisha mimi peke yangu.

Nilikuletea vizibo vya soda, ukavitupa. "Hivi vimepinda, na kila kimoja kimepinda kivyake." Nikaleta vijiti, ukacheka. Tukaenda kwa fundi wa baiskeli kando ya barabara ya Busia, ukachagua spoki, ukazilinganisha ncha kwa ncha, zenye kutu ukamrudishia. Visahani ulivikata mwenyewe kutoka ubao mmoja wa mvule: kidogo, cha kati, kikubwa.

"Nyara," uliniambia, yaani binti yangu, "mti mmoja, spoki za urefu mmoja, mkono mmoja. Kinachobadilika ni upana peke yake. Ukibadilisha vitu viwili, umejidanganya." Nilitembea na maneno hayo kutwa nzima, nikijiona mtu.

Jioni Ochieng, mtoto wa mama mkubwa, mke wako wa kwanza, akaziona. Yeye jaribio lake lilikuwa maharagwe kwenye mkebe; ile pia aliitaka ya kuchezea tu. Mama mkubwa akasimama mlangoni kwake. "Mwalimu, kwani huku kwangu hakuna watoto?"

Basi, mambo yakaishia hapo. Ulizipanga pia zote tatu juu ya kiti uani, vile ulivyokuwa unagawa samaki, ukamwita Ochieng achague, kwa sababu nyumba kubwa huchagua kwanza. Akachukua ile kubwa. Mtoto gani angeiacha?

Nilipolia ulinikatia kisahani kingine, upana uleule, kutoka ubao wa sanduku la sabuni. Mvule ulikuwa umekwisha. "Itafaa tu," ukasema. Itafaa! Wewe, mwalimu wa sayansi! Nimesikia kwamba mganga hajigangi, lakini hata mganga huona haya kidogo.

Siku ya mashindano pale shuleni pia yangu kubwa iliyumba, ikaanguka kabla ya zote. Watoto wakaangua kicheko. Mkaguzi aliyetoka mjini akakiokota kile kisahani chepesi, akakigeuzageuza. "Msichana, hapa umebadilisha upana, na mti nao umeubadilisha. Kwani hukufundishwa?"

Nikakutazama. Ulikuwa umekaa na walimu wenzako, karibu kabisa. Nilikuwa nangoja useme kwamba nilifundishwa, nilifundishwa vizuri sana, na aliyeiondoa pia yangu ni wewe. Mkaguzi akaenda meza nyingine.

Aliyekwenda Kisumu ni mtoto mwingine. Nyumbani nilikusikia ukimwambia mama, "Sasa huyu analia nini? Ochieng amepata moja, yeye ana tatu." Mama akaendelea kusonga ugali. Tangu hapo sikukuletea tena kitu chochote cha shule, na wewe hukuwahi kuuliza kwa nini.

Hata juzi nyumba kubwa ilizungumza kwanza, mmoja mmoja, mpaka wajukuu. Ilipofika zamu yetu mchungaji akatazama saa, akasema jua linakwenda, tuimbe. Baada ya watu kutawanyika nikamfuata Ochieng, siku hizi ana ndevu kama zako, nikamuuliza habari ya pia ile. Akakunja uso, akafikiri kwa kweli, maskini.

"Pia gani, dada?"

Nimekulilia, baba, na hasira haijanitoka, vyote viwili. Wale watu hawakudanganya: nyumba zako ulizitendea haki. Lakini siku ile pale shuleni hapakuwa na nyumba ya kugawiwa kitu. Alikuwepo mtoto wako, amesimama mbele ya watu, anakutazama. Na wewe uliinama, ukajifanya unafunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.

Lala, kama usingizi utakuja.

Binti yako wa nyumba ya pili