Paa la Upande wa Nyuma

Nyumba Na. 4, Barabara ya Kanisa,
Quillan Falls, New York.
Jumapili, 14 Aprili 1996.

Mpendwa mwanangu Lyle,

Hamjambo huko Alaska? Mkeo Corinne anaendeleaje na kile kifua chake? Na huyo Josie, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka na pengo lake? Picha yenu ilifika salama. Nimeiweka juu ya redio, na kila anayekanyaga humu ndani namlazimisha aitazame, apende asipende. Mimi mwili mzima, ila goti moja ndilo linanitangazia mvua kabla ya mtabiri wa hali ya hewa. Moyo usiniulize. Au niulize, maana huko ndiko barua hii inakokwenda, lakini niache nifike kwa mwendo wangu.

Mwaka huu theluji imetukomesha. Imeyeyuka juzi juzi tu, ikatuachia matope mpaka mlangoni mwa posta. Duka la akina Sprague limefungwa tangu Krismasi, kwa hiyo hata kiberiti tunakifuata mjini. Ukipita jioni kwenye mtaa wetu wa kale, huu tuliojisifia kwa kila mgeni, nyumba zenye taa ni kumi na moja. Nyingine zote zina vibao vya tarehe ya kujengwa mlangoni na panya ndani.

Jumamosi ya tarehe 6 ilikuwa siku ya chapati za maji na ile asali ya utomvu wa miti pale kwa wazima moto. Unakumbuka zamani watu walivyokuwa wakipanga foleni hadi darajani? Safari hii tulikuwa kumi na tisa, na fimbo za kutembelea zilikuwa sita. Delbert Sprague, domo lile lile, akaniambia mbele ya wote, "Verna, ulisema utatufanya tuwe wa kihistoria. Hongera mama, umeweza, sasa hata sisi wenyewe tumekuwa historia!" Wakacheka wote. Mimi nikaimwagia asali chapati yangu mpaka ikaogelea.

Baba yako, huyo mdogo wangu, nilimwona jana katika nyumba ya wazee. Nyonga inaunga polepole, lakini bado hawezi kusimama bila kushikwa. Anakula vizuri. Anawachokoza wauguzi, anawaambia supu yao inafaa kubandikia karatasi za ukutani. Nilikuandikia mwezi wa Novemba kwamba aliteleza kwenye ngazi, nikaishia hapo. Sikukwambia ngazi ilikuwa imelowa kwa nini.

Basi nije kwenye swali lako. Umeniuliza kama mkija Julai mtalala kwenye chumba chako cha zamani, kile cha nyuma, ili Josie aione michoro uliyochora ukutani. Mwanangu, chumba hicho hakipo. Paa la upande wa nyuma lilianguka Jumapili moja ya Februari, baba yako akiwa nyumba ya wazee na sisi wengine kanisani, likashuka na theluji yake mpaka jikoni. Hakuumia mtu. Nimekaa miezi miwili na habari hii kooni, nimekuandikia barua mbili za umbea mtupu ili nisikwambie.

Baraza la kijiji limeamua ibomolewe, kwa sababu ya usalama. Tingatinga linakuja Jumanne ya tarehe 23. Na kwa kuwa nyumba iko ndani ya mtaa wa kale, haibomolewi bila sahihi ya mwenyekiti wa kamati ya kuhifadhi majengo. Mwenyekiti ni mimi. Nilitia sahihi Jumatano asubuhi, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nyumba ambayo babu wa babu yetu aliijenga mwaka 1836, nimeimaliza kwa kalamu ya posta.

Laiti ingekuwa hiyo tu.

Miaka mitatu iliyopita baba yako alileta ombi kwenye kamati. Vigae vya mawe vya upande wa nyuma vilikuwa vimechoka, mvua inaingia, akaomba aezeke mabati upande huo tu. Sasa unaijua kanuni yetu: kila kinachoonekana kutoka barabarani kibaki kama kilivyokuwa. Niliiandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye meza hii hii ninayoandikia sasa. Nilikuwa nimeshamkatalia Delbert madirisha yake ya plastiki, nikamkatalia Bibi Hoxie ua wake wa waya mpaka akalia. Leo nimpe mdogo wangu mabati? Watu si wangenitemea mate! Nikakataa, tena kwa sauti, ili wa nyuma kabisa wasikie kwamba Verna Teachout hana upendeleo.

Hakubisha. Alichukua kofia yake akasema, "Haya, Dada. Umeshasema." Ndivyo alivyo tangu mama yetu afariki, yeye na miaka sita, mimi kumi na minne. Nilimwambia vaa koti, akavaa. Nilimwambia oa, akaoa, na hapo angalau sikukosea, maana tukakupata wewe.

Akaanza kumtafuta fundi wa vigae vya mawe. Amebaki mmoja tu, mzee wa huko Vermont. Akaahidi kiangazi, akaahidi kiangazi kingine, mwishowe akatuma salamu kwamba magoti hayapandi tena ngazi. Baba yako akawa analala katikati ya ndoo. Nilizihesabu siku moja, zilikuwa tisa. Na unajua nilifanya nini mimi, shangazi yako mwenye akili? Nilimpelekea ya kumi.

Alhamisi nilikwenda kukibandua kile kibao cha tarehe kabla ya tingatinga. Nilipomaliza nikavuka barabara, nikageuka niiage nyumba. Mbele yake imesimama vile vile, baraza, nguzo, madirisha, utadhani kuna mtu ndani anachemsha kahawa. Nikautafuta upande ulioanguka. Hauonekani. Nikaenda mpaka kanisani, hauonekani. Nikaburuza goti langu hadi darajani, nikarudi kwa kupitia posta, wapi! Paa la nyuma linaonwa na kunguru na ng'ombe wa Delbert, basi. Kanuni yangu haikuligusa hata kidogo. Angeweza kuliezeka mabati mekundu yenye madoa na asimwombe mtu ruhusa.

Sikwenda kutazama, Lyle. Miaka sabini nimepita mbele ya nyumba ile, na siku ya kuamua nilisoma karatasi, nikaona neno "mabati", nikakasirika. Ni hatua mia moja na ishirini kutoka meza hii. Nimezihesabu. Tangu Alhamisi silali, sili, nimekufa nikiwa natembea.

Jana nilimwambia baba yako yote. Nilimpigia magoti, hata hilo bovu. Alikuwa anamenya chungwa, hakuacha kumenya. Akasema, "Najua, Dada. Kabla sijaleta lile ombi nilisimama barabarani nikatazama."

Nikamuuliza, "Kwa nini basi hukusema neno mbele ya kamati, Alvah? Kwa nini!"

Akanipa kipande cha chungwa. "Wewe ndiye uliyeiandika kanuni," akasema. "Nilidhani unajua."

Miaka mitatu, mwanangu. Alilala katikati ya ndoo mpaka nyonga ikavunjika, akiamini kwamba nilijua.

Ameomba jambo moja tu, kwamba Jumanne ile nimpeleke, akae ndani ya gari upande wa barabarani, aione mara ya mwisho ikiwa nzima. Nitampeleka. Kama unaweza kuja usingoje Julai. Usije kwa ajili ya nyumba, njoo kwa ajili yake, na kama hutaki kuniona mimi, nitakaa jikoni kwangu wala sitakulaumu.

Delbert anakusalimu, anasema bado una deni la kurudiana naye kwenye ule mchezo wa kurusha viatu vya farasi. Bibi Hoxie naye anasalimu. Mbusu Josie kwa niaba ya babu yake, na umwambie Corinne anywe tangawizi ya moto. Mungu aifunike nyumba yenu huko mliko, mbele na nyuma.

Ni mimi akupendaye,
shangazi yako Verna, ambaye hakuvuka barabara.