Faili Alilofunga Festo

Ifakara, Jumatano

Nimekuja kama mtafiti, na swali langu kwa wafanyakazi wa ofisi hii lilikuwa dogo tu: programu ya kutunzia kazi yao inawafaa? Wanatengeneza mfumo wa zahanati, na kazi yote inakaa kwenye seva moja. Anayechukua faili hulifunga kwa jina lake, wenzake wanasubiri mpaka alirudishe.

Leo faili la usajili wa wagonjwa lilikuwa limefungwa na Festo, aliyekwenda Uchindile kumzika baba yake.

“Kalifunga kama mlango wa choo,” alisema Neema, mfanyakazi mwenzake. Wakacheka.

Bosi wao, Mama Suzi, akampigia Festo na kuweka spika.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Rudisha faili.”

“Huku intaneti hakuna, mama. Kazi ya wiki mbili ninayo kwenye laptop. Naomba mnisubiri, kesho ndiyo tunamzika mzee.”

“Mzee hana haraka. Sisi tunayo.”

Akakata simu, akalifungua faili kwa mamlaka ambayo programu inampa bosi, na kumpa Neema nakala ya zamani ya kwenye seva aanze upya. Faili sasa liko kwa jina la Neema; wiki mbili za Festo hazina tena pa kuingia.

Akinisindikiza mlangoni, Mama Suzi aliniomba hilo la msiba nisiliandike.

Nilikuwa nimeshaliandika, neno kwa neno.