Kuku Anaatamia Kwenye Kabati la Bunduki

Bi Scholastika, shikamoo. Jina langu naomba ulifiche, kwa sababu mume wangu Kefa ni mtu anayeheshimika hapa Kinampanda na jambo hili likijulikana sitaweza tena kwenda kisimani, ila siri hii nimeibeba siku kumi na tatu na sasa imenishinda.

Yote yameletwa na kicheche. Ndani ya miezi miwili amekula kuku wetu kumi na mmoja, mume wangu alimvizia kwa rungu akaishia kupasua ndoo yangu ya maji, ndipo akasema dawa ni bunduki ya marehemu baba yake, ambayo ipo polisi tangu tulipomzika mzee, na alipokwenda kuifuatilia wakamwambia kabla ya chochote kingine waone atakapoihifadhi, pawe pamefungwa vizuri, asiweze kufika mtu mwingine. Hilo halikuwa na ubaya. Ubaya ni kwamba alirudi nyumbani akasimama sebuleni akaangalia kabati langu la vyombo, la mninga, nililopewa na wanakwaya wenzangu siku ya harusi, akasema, "Hili hapa."

Bi Scholastika, nililia. Alitoa vioo akaweka bati nene la pipa, akalipeleka chumbani akalikaza ukutani kwa nondo, akatoboa vitundu pembeni ili bunduki isipate kutu, na sahani zangu za wageni mpaka leo zipo chini ya kitanda pamoja na viatu. Halafu tukaenda Singida mjini dukani kwa Bwana Ladha kununua kufuli, tukachukua nne zinazofanana, tatu za kabati na moja ya ghala letu la mahindi, na Bwana Ladha akamwonya kabisa nikisikia, "Mzee Kefa, hizi zote za boksi moja, ufunguo mmoja unafungua zote, chukua aina tofauti." Mume wangu akajibu, "Nataka zifanane, mkaguzi aone mpangilio."

Wiki nzima alifanya mazoezi kwa kutumia fagio. Asubuhi analitoa, anahesabu moja mpaka tatu, analirudisha, anafunga kufuli zote, anaondoka na funguo kwenda shamba la alizeti, na mimi nyumba nafagia jioni akirudi. Baadaye akalipaka kabati rangi ya kijani, akatoa fagio, akatangaza kwamba halifunguliwi tena mpaka siku ya mkaguzi.

Sasa kosa langu. Ninaye kuku mmoja wa kisunzu, uzao wa kuku aliyeniachia mama yangu, na ndiye peke yake aliyebaki. Alipoanza kuatamia mayai yake kumi na mawili jikoni, kicheche akaingia mpaka jikoni. Niliangalia nyumba nzima nikaona penye usalama ni mahali pamoja tu, ndani ya kabati lile. Nikamwita binti yangu Pendo, ana miaka tisa, ndiye ninayemtuma mahindi ghalani na ufunguo huwa anauvaa shingoni kwa kamba usipotee, nikauchukua nikajaribu kufuli ya kwanza, ikafunguka, ya pili, ikafunguka, ya tatu vilevile. Nikaweka majani makavu, mayai na kuku wangu, nikafunga. Kila siku mume wangu akiondoka namtoa ale na anywe, halafu namrudisha.

Lakini kuku haambiwi anyamaze. Siku ya nne mume wangu akauliza, "Hicho kinachokoroma ni nini?" nikajibu ni tumbo langu. Ameninunulia dawa ya minyoo nimekunywa, dawa ya gesi nimekunywa, na Jumapili ameniletea mzee wa kanisa, Mzee Alphonce, kuniombea, na aliposema "Amina" kuku akaitikia kabla yangu. Mume wangu alinishika mkono kwa huruma mpaka nikaona aibu.

Mkaguzi anakuja Alhamisi ya wiki ijayo, na siku hiyo kuku atakuwa na siku kumi na nane. Nikimhamisha sasa atasusa mayai na kizazi cha kuku wa mama yangu kitaishia hapo, nikimwacha mume wangu atafungua kabati mbele ya polisi na mwenyekiti wa kijiji aaibike na bunduki ya baba yake aikose kwa sababu yangu. Naomba uniambie, Bi Scholastika, niokoe mayai au nimwokoe mume wangu?

Mimi Mwenye Kuku, Kinampanda.

JIBU

Marahaba, Mwenye Kuku. Nimelificha jina lako. Lakini umeandika Kefa, umeandika Kinampanda, umeandika kabati la kijani na mzee wa kanisa aliyeitikiwa Amina na kuku. Sasa hapo nifiche nini? Gazeti hili likifika Kiomboi, mji wenu wa jirani, kijiji chako kitakuwa kimejua kabla mchana haujaisha. Kwa hiyo suala la kumwambia au kutomwambia mumeo limeshakwisha. Lililobaki ni asikie kwako au asikie kwa muuza gazeti.

Pole kwa kabati. Nasema hivyo kwa moyo wote, maana na mimi ninalo la mninga, na anayetaka kuligusa aanze na mimi. Mumeo alipaswa kukuomba, na ulikuwa na haki ya kulia. Hukuwa na haki ya kumwacha akununulie dawa za tumbo ambalo haliumwi. Na wewe mwenyewe, mtu mzima, umekunywa dawa ya minyoo kwa niaba ya kuku!

Kefa naye asome hapa, najua atasoma. Baba, kicheche anaingia bandani gizani. Mpaka umalize kufungua kufuli tatu na kuhesabu moja mpaka tatu, yeye atakuwa ameshakula na kunawa mikono. Angalia badala yake ulichojenga bila kujua. Siku zote hizo kuku amelala ndani ya kabati lako na kicheche hajamgusa. Kazi uliyotaka bunduki ikufanyie, bati na bawaba zimeshaifanya. Chukua bati lililobaki, ongeza waya mgumu na mbao chini, ukajenge banda la namna hiyo.

Kuku asihamishwe. Mwambie mumeo leo, umwonyeshe na mayai. Kesho aende kituoni aseme kwamba kabati bado haliko tayari na anaomba apangiwe siku nyingine. Huo si uongo, halipo tayari hata kidogo. Vifaranga wakitoka, kabati lisafishwe lirudi sebuleni na vioo vyake. Akiwa bado anaitaka bunduki ya baba yake, na ni haki yake kuitaka, atengenezewe sanduku la chuma, na safari hii amsikilize Bwana Ladha.

Maana wewe umeniuliza habari ya mayai, Mama, na mimi nilipofika katikati ya barua yako nilisahau mayai. Nilisoma mstari mmoja mara tatu, chai ikapoa. Tuseme kuku asingeatamia mwezi huu. Mkaguzi angekuja, angeona bati, nondo na kufuli tatu zilizopangwa vizuri, angeridhika. Bunduki ingeletwa, ingefungiwa humo, na mumeo angeondoka shambani na funguo zake akijua hakuna mtu anayeweza kuifikia. Na ufunguo unaofungua zote tatu ungekuwa unacheza rede uani, kwenye shingo ya mtoto wa miaka tisa.

Kuku wako amewaambia hilo wakati kabati bado halina bunduki. Mpe mtama wa kutosha.

Sasa kunja gazeti. Kabla ya kwenda shamba kumtafuta Kefa, kabla hata ya kumpa kuku maji, mwite Pendo umvue ile kamba shingoni.