Notisi ya Fleti ya Mama

Bexhill,
Jumapili, 14 Oktoba 2012

Mdogo wangu Corinne,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na Duncan, na kwamba majira ya machipuko huko Wellington yameanza kuwapa jua. Mgongo wa Duncan unaendeleaje? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linajua mvua inakuja kabla ya redio. Baridi imeanza. Juzi niliwasha kipasha joto kwa mara ya kwanza, nikajilaumu kwa ubadhirifu kama Mama alivyokuwa akitulaumu.

Fleti yako iko salama. Naenda kila Jumanne kufungua madirisha na kumwagilia maua ya barazani. Nesta Quill wa ghorofa ya chini hunisubiri kwenye ngazi kama aliyelipwa. Wiki iliyopita aliniambia, “Haya, bibi mlinzi wa mali ya watu, umekuja kumnywesha maji mdogo wako?” Nilicheka, nikapita. Ulipompigia simu Agosti ukamwambia kwamba Bwana Haddow, mwenye ardhi, ni mwizi aliyeficha notisi yako ya kuomba kuongezewa mkataba wa fleti, ili miaka iliyobaki ishuke hadi themanini, Nesta hakulala na habari hiyo. Kesho yake klabu nzima ya mchezo wa kuviringisha tufe ilikuwa nayo. Kumbuka kwamba mzee Haddow ni mwanachama pale tangu mkewe akiwa hai.

Wakili wako ameniandikia. Anataka Alhamisi nifike ofisini kwake niape kwa maandishi kwamba tarehe kumi na nane Juni niliichukua ile notisi, nikaenda hadi nyumbani kwa Bwana Haddow, nikaitumbukiza kwa mkono wangu kwenye tundu la barua mlangoni. Anasema kesi yote imesimama juu ya neno langu. Tukishinda, mwenye ardhi atalazimika kukuongezea miaka tisini kwa bei ya zamani. Tukishindwa, utalipa ile nyongeza kubwa ambayo wenye ardhi wanaruhusiwa kudai miaka iliyobaki ikishafika themanini.

Corinne, kabla ya Alhamisi kuna mambo nataka uyasikie. Usiruke mistari, najua tabia yako.

Miaka tisa nilimwogesha Mama. Nilimkata kucha za miguu, nilijua dawa zake kwa rangi. Kila asubuhi nilimpikia uji wa shayiri, na kila asubuhi aliuonja akasema, “Corinne angekuwepo angetia asali.” Asali nilitia! Picha zako zilijaa mlango wa friji: wewe na Duncan baharini, wewe na mbwa, wewe na kofia. Yangu haikuwepo hata moja. Nilipouliza alishangaa, akasema, “Ya nini, mwanangu, na wewe uko hapa hapa?”

Kisha wosia ukasomwa. Wewe fleti, mimi piano. Ukaniuliza kama nimekasirika, nikakujibu hapana, Mama alijua anachofanya. Ulinikumbatia, ukasema siku zote mimi ndiye mwenye moyo mkubwa. Nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga, nikakaa kitandani na koti langu. Kulima nilime mimi, kuvuna uvune wewe, na juu yake nisifiwe moyo! Piano yenyewe haikupita mlangoni kwangu, ikabaki kwenye fleti.

Hata hivyo nilijitahidi. Notisi iliporudishwa na posta kwa sababu Bwana Haddow hasikii kengele, na wakili akaniomba niipeleke kwa mkono, nilikubali bila kinyongo. Nilikuwa na nia njema hadi asubuhi ile ile uliponipigia simu. Ulikuwa na furaha. Uliniambia kwamba mkataba ukishaongezwa utaiuza, bei yake itapanda, na wewe na Duncan mtanunua kijumba kando ya ziwa. Halafu ukauliza, kwa wepesi kabisa, kama nimeshapata mtu wa kuiondoa piano, maana wanunuzi hawapendi vyumba vilivyojaa vitu.

Nilikwenda, Corinne. Nilifika hadi mlangoni kwa Bwana Haddow. Nilisimama pale bahasha mkononi, vidole vimeshagusa bati la tundu la barua. Nikaona kijumba chako kando ya ziwa. Nikajiona mimi nikipanda ngazi za Nesta kumwagilia maua ya mnunuzi.

Sikuitumbukiza. Nilirudi nayo nyumbani nikaiweka chini ya vitambaa vya meza, nikamwambia wakili nimeipeleka. Tarehe ishirini na nne, siku mkataba ulipobakiza miaka themanini kamili, nilinunua keki ya limau nikaila yote peke yangu. Sitakudanganya tena: ilikuwa tamu.

Sasa umejua. Yule mzee hakuficha kitu. Hakupata kitu.

Ningeweza kunyamaza hadi leo, maana wivu ukishazoea nyumba hauombi ruhusa. Lakini barua ya wakili ilipokuja na hilo neno kuapa, nilishindwa kula. Jumatano nilikwenda kwa Bwana Haddow na bahasha, na safari hii niligonga dirisha mpaka akasikia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilitarajia matusi. Akaniuliza tu, “Kwa hiyo sisahau?”

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba tangu barua za wakili wako zianze, aliamini kuwa aliipokea notisi akaipoteza. Alipekua makabati, alipekua hata takataka. Alianza kuandika kwenye karatasi kila anachofanya: nimezima jiko, nimefunga mlango. Binti yake alishamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee, naye alikuwa amekubali kwenda mwezi ujao. Corinne, yule mzee wa miaka themanini na mitatu alilia mbele yangu kwa furaha kwamba akili yake ni nzima. Nilitamani angenipiga.

Nikamuuliza nifanye nini. Alisema mambo ya fedha yangoje. Yeye anataka kitu kimoja tu, niende klabuni nikayaseme hayo hayo mbele ya watu waliomwita mwizi.

Jana ilikuwa chai yao ya kufunga msimu. Nilisimama kati ya sandwichi za matango na vikombe vya ushindi, nikasema. Nilisema hadi mwisho. Mtu akaweka kijiko chini kama bomu. Halafu Nesta: “Yaani miezi miwili tumemkalisha mzee wa watu meza ya peke yake, kumbe mchawi tunapishana naye kwenye ngazi!” Hakuna aliyecheka. Lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba kiti chake kwenda kukaa karibu na Bwana Haddow. Mimi nilitoka bila kunywa chai, na hakuna aliyeniita.

Leo asubuhi nimekuta karatasi imepitishwa chini ya mlango wangu. Bwana Haddow ameandika na kutia sahihi kwamba atakuongezea miaka yako kwa bei ya Juni. Anasema hataki faida iliyotoka kwenye ugomvi wa ndugu wawili. Nimeiambatanisha hapa, pamoja na ile bahasha. Kesho nitamwambia wakili kwamba Alhamisi siapi, na sababu yake. Wewe unachodaiwa ni barua ya kumwomba mzee radhi. Iandike kwa mkono wako, usimwachie wakili.

Ningependa kumalizia kwa kusema wivu umeniisha. Haujaisha. Ninapoandika neno fleti, roho bado inauma, na ukinunua kijumba chako sitaki uniletee picha. Lakini nimechoka kukuchukia kwa siri, wakati wewe huko unanipenda bila habari.

Msalimie Duncan, mwambie asibebe kuni. Nipapasie mbwa. Na ukishasoma, tafadhali usinipigie simu, niandikie. Sauti yako ni ya Mama mtupu, na sidhani kama nitaweza kustahimili kutukanwa na nyinyi wawili kwa pamoja.

Ni mimi, dada yako, ambaye sasa unamjua,
Verity